Msimamishe penye mwanga, si penye maua

Tangu Mfunguo Mosi uandame harusi hazijapoa, na barua zenu nazo hazijapoa. Nimezipanga mezani kwa mafungu, na fungu kubwa kuliko yote linasema jambo moja kwa sauti mbalimbali: Shangazi, mahali nilichagua pazuri, lakini picha imetoka vibaya. Basi mwezi huu tuzungumze hilo. Ninapiga picha hapa Tanga, harusi zaidi ya kitu kingine chochote, na nyingi ni zile za ndani za wanawake watupu. Kwa hiyo mifano yangu itanukia udi na asumini kidogo. Mnistahimilie.

Shikamoo Shangazi. Nimeanza kazi ya picha za harusi hapa Morogoro. Juzi maharusi walitaka picha kwenye bustani yenye maua mengi, saa saba mchana, mara tu walipotoka kanisani. Maua yametoka vizuri sana. Maharusi wote wawili macho yamekuwa mashimo meusi na pua zinang'aa. Kamera ni nzuri, nimeinunua kwa mkopo. Tatizo ni nini? — Kijana wa Kihonda, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Kamera haina kosa na mkopo utalipika, tulia. Ulifanya wanachofanya wengi: ulichagua maua, ukawapanga watu mbele ya maua, halafu ukalisubiri jua likufanyie hisani. Anza upande wa pili. Tafuta kwanza mwanga unaoipendeza sura, msimamishe mtu hapo, kisha ndipo utazame nyuma yake kuna nini. Ukikuta bango la soda, songa hatua mbili. Lakini uso usiutoe penye mwanga wake kwa ajili ya ua.

Jua la saa saba kwetu si la mchezo. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, hapo Morogoro linapita utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Hata mwezi wa Juni, linapokuwa limeegemea kaskazini kuliko wakati wowote, adhuhuri bado liko nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho. Mwanga ukishuka kutoka juu namna hiyo, mfupa wa nyusi unatia giza machoni, pua inaangusha kivuli juu ya mdomo, na paji la uso na ncha ya pua ndivyo vinavyobeba jua lote. Hayo ndiyo mashimo uliyoyaona, na hakuna lenzi inayoyaziba.

Sasa fikiria mlipotoka. Kanisa lina mlango mkubwa. Ndani ya mlango kuna kivuli, na kivuli hicho kinatazama uwanja mzima wenye jua. Studio yako ilikuwa hapo na ukaipita. Wasimamishe maharusi hatua moja au mbili ndani ya kivuli, nyuso zikitazama nje, wewe ukae nje. Mwanga utawafikia kwa mbele, mpana, umetoka kwenye anga na kwenye sakafu ya uwanja badala ya kutoka kwenye jua lenyewe. Nyuma yao ndani ya kanisa ni giza, kwa hiyo wanajitokeza bila kutafutwa. Tazama machoni: ukiona kinukta cheupe ndani ya mboni, piga. Usipokiona, wasogeze mpaka kije.

Kama umewahi kufika kabla yao, kuna njia ya kuupima mwanga bila kifaa. Kunja ngumi, inyooshe mbele yako, kisha jizungushe taratibu papo hapo. Utaona vifundo vya vidole vinakuwa vikali ukielekea huku na vinalainika ukielekea kule. Upande vinakolainika ndiko uso wa bibi harusi utakakotazama. Wapita njia watadhani umerogwa. Waache.

Mti nao una tabia yake. Mwembe una majani mazito, kivuli chake kimeshikana. Mwarobaini unavujisha jua na kuwatia watu madoa usoni. Na hata chini ya mwembe usiwapeleke kwenye shina, waweke ukingoni, pale kivuli kinapoishia. Jengo ni bora zaidi, ila jifunze upande wake: Juni kivuli cha adhuhuri kiko kusini mwa nyumba, Desemba kiko kaskazini. Anayekwenda kukagua bustani mwezi wa Juni kwa ajili ya harusi ya Desemba anakagua bustani nyingine.

Usipopata kivuli popote, wape jua mgongo. Nyuso zitakuwa gizani, lakini giza moja lisilo na mashimo, nawe utalijaza kutoka mbele kwa flashi ndogo ya nguvu ya chini, au kwa lile povu jeupe linalokuja na friji mpya ndani ya boksi. Maduka ya vyombo vya umeme wanalitupa. Mimi silinunui rifleta, kile kibao cha kurudisha mwanga, mpaka povu liishe mjini.

Shangazi, shikamoo. Bibi harusi wangu alikuwa mweusi wa kupendeza, gauni jeupe pe. Nikiongeza mwanga gauni linaungua, nikipunguza uso unapotea. Siku ya pili akavaa buibui, uso ukatoka umepauka kama amepakwa unga. Ngozi nyeusi inapigwaje? — Mpiga picha wa kike, Mwanakwerekwe, Zanzibar

Marahaba, mwanangu. Ngozi usiisingizie. Kamera yako haijui inatazama nini. Inachopima ni mwanga unaorudi kutoka kwa kitu, na imetengenezwa iamini kwamba dunia nzima ukiichanganya ni kijivu cha wastani, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Ikikutana na gauni jeupe lililojaza picha, inasema huu mwanga umezidi, inapunguza, na uso unazama. Ikikutana na buibui jeusi inadhani usiku umeingia, inaongeza, na uso unapauka. Ndiyo maana ulipata makosa mawili yanayopingana kwa mtu mmoja. Kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: kwenye gauni panda kama 1, kwenye buibui shuka kama 1, kisha utazame uso kwenye kioo cha kamera na urekebishe kutoka hapo. Bora zaidi, iambie kamera ipime nukta moja tu, na nukta hiyo iwe shavu.

Lakini ulisema gauni linaungua. Hapo hesabu peke yake haitoshi, inabidi umgeuze. Mweke ubavu kwa dirisha, kifua kielekee ndani ya chumba, kisha mwambie ageuze uso tu kuelekea kwenye mwanga. Uso unapata mwanga wote. Gauni linapata mwanga wa kupitia juu juu, ule unaoonyesha mikunjo na lesi. Bega lililo dirishani likizidi kuwaka, somo wake, yule mwanamke anayemwongoza, alivute ushungi ulifunike kidogo.

Wanaosema ngozi nyeusi inataka mwanga mwingi wanaipiga flashi ya usoni, halafu wanashangaa paji linawaka na mashavu hayaonekani. Inataka mwanga mpana. Ngozi yetu inajieleza kwa mng'ao: pale mwanga unapoteleza kwenye mfupa wa shavu, kwenye ukingo wa taya, kwenye bega lililosingwa. Flashi ndogo iliyo juu ya kamera ni kinukta, na mng'ao wake unakuwa kinukta vilevile. Dirisha au mlango au ukuta mweupe wenye jua ni kitu kipana, nao mng'ao unatandaa. Mwanga utoke ubavuni kidogo, usitoke machoni kwako.

Zungumza na mpambaji pia. Kuna poda zenye silika au zinki ambazo kwa macho hazionekani kabisa, lakini flashi ikipiga zinarudisha weupe chini ya macho. Piga picha moja ya flashi kabla hajamaliza kumpamba. Anaweza kununa. Afadhali anune saa kumi alasiri kuliko bibi harusi alie albamu ikifika.

Na lawama nyingine ni ya kihistoria, si yako wala yangu. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za kusafisha picha za Kodak zilipewa kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi zikaitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa mwanzo. Rangi ikikaa sawa kwenye ngozi yake, basi mashine imekaa sawa. Kwa miongo kadhaa sisi hatukuwemo kwenye kadi hiyo. Fungua albamu za mama zetu za miaka ya sabini uone picha za makundi: mweupe anaonekana mpaka vifungo vya shati, mweusi aliye kando yake ni meno na macho. Kamera za leo zimepona sehemu kubwa ya ugonjwa huo. Tabia zetu ndizo bado.

Kaka yangu ana studio Temeke, mimi namsaidia kuhariri. Wateja wakifika wanasema "nifanye mweupe." Tukikataa wanahama. Tufanye nini? — Mhariri, Dar es Salaam

Mimi naondoa chunusi, siondoi rangi. Chunusi itaondoka yenyewe wiki ijayo. Rangi mtu ataingia nayo nyumbani, na picha ukutani itakuwa ya mtu mwingine.

Lakini msikilizeni vizuri. Anayesema nifanye mweupe mara nyingi anasema sionekani. Amezoea picha ambazo uso wake ni doa. Muulizeni kaka yako taa ziko wapi: nina hakika ziko mbele, mbili, zimelingana kama taa za gari, na pazia la nyuma ni la rangi nyeusi au kahawia. Aivute moja ubavuni na aifunike kwa kitambaa cheupe, ile nyingine aielekeze kwenye pazia ili mtu atengane na nyuma yake. Kisha mwonyesheni mteja picha kabla hamjagusa kompyuta. Wengi hawatakumbuka walichoomba.

Dada, mimi hupiga picha za singo, bibi harusi anaposuguliwa ngozi kwa liwa na manukato, na za kesha lake. Chumba huwa kimoja, dirisha moja lenye nondo na wavu, balbu ya njano darini, wanawake wamejaa. Nyuso zinatoka nusu njano nusu buluu. Na je, flashi ni lazima? — Pangani

Jirani yangu, karibu. Zima balbu. Watapiga kelele, lakini baada ya dakika mbili macho yanazoea na wanasahau. Balbu ya njano na mwanga wa mchana ni rangi mbili tofauti, kamera inaweza kuikubali moja tu, na nyingine itabaki kwenye shavu la mtu. Ukibaki na dirisha, umebaki na rangi moja.

Wavu na nondo visikutishe, wavu unalainisha. Pazia la neti jeupe liache. Pazia jekundu lifungue mpaka mwisho, la sivyo kila mtu atakuwa mwekundu. Msogeze bibi harusi karibu na dirisha, umbali wa mkono mmoja hivi, ubavu wake dirishani. Karibu huko kuna faida: mwanga wa dirisha dogo unakufa haraka, ukirudi nyuma mara mbili unaweza kubaki na robo tu, kwa hiyo ndoo na viatu na mabegi yaliyo nyuma ya chumba vinazama gizani vyenyewe bila kumwambia mtu asafishe. Upande wa shavu lenye giza tandika shuka jeupe kwenye kiti, au mwombe mmoja avae leso nyeupe na akae hapo. Angalia na ukuta: nyumba zetu nyingi nusu ya chini imepigwa rangi ya mafuta, kijani au waridi, na rangi hiyo inarudi shingoni mwa mtu. Shuka litaziba na hilo.

Flashi sio lazima mchana. Usiku igeuze darini kama dari ni jeupe. Chini ya mabati ya wazi haina faida.

Na kwa kuwa umeandika juu ya singo, nikukumbushe la muhimu kuliko dirisha. Mle ndani watu wamevua. Kubaliana na mama mwenye shughuli kabla: picha za ndani hazitoki ndani, hakuna kuweka kwenye simu, hakuna sampuli ya kutangazia biashara. Mimi kadi ya kamera naikabidhi kwa mama mkononi baada ya kumpa nakala yake, na wapo wanaoniita kwa sababu hiyo tu. Hata fremu yako ipange hivyo: wakati wa kusinga, mikono ya kungwi, liwa kwenye bakuli, mgongo ulio nusu mwanga, inatosha kueleza kila kitu bila kumwonyesha mtu uso.

Asalaam aleikum bi. Harusi zetu za mtaani huku ni chini ya turubai la buluu, na usiku tunaingia ukumbini, DJ awasha taa za zambarau. Nyuso zangu ni za buluu mchana na zambarau usiku, na kompyuta imeshindwa kuzirudisha. — Kisauni, Mombasa

Wa aleikum salaam, mwanangu. Kompyuta haiwezi kukurudishia kitu ambacho hakikuingia. Taa ya zambarau ya LED haina kijani ndani yake. Kamera ikipiga ngozi chini ya taa hiyo peke yake, rangi ya kahawia ya mtu haikurekodiwa popote.

La turubai ni jepesi. Usipige picha za sura katikati ya turubai, waite ukingoni, watazame nje. Ni mlango wa kanisa ule ule niliomwambia kijana wa Morogoro. Katikati ya turubai piga shughuli, umati, mabibi wakicheza, hapo buluu inasameheka. Na kama familia inakuuliza kabla, waambie wakodi jeupe. Udongo mwekundu na nyasi nazo zinafanya mchezo huo kwa chini: mtu aliyesimama juu ya nyasi zenye jua anakuwa na kidevu cha kijani.

Ukumbini hutashindana na DJ, kwa hiyo fanya naye urafiki. Nenda saa moja kabla, mpelekee soda, mwombe taa nyeupe kwa mambo matatu tu: maharusi wanapoingia, keki, na wazazi wanapopiga picha na watoto wao. Kwingine kote afanye sherehe yake. Mara nyingi wanakubali, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaomba.

Katikati hapo tumia flashi, lakini usiielekeze darini kabla hujatazama juu. Kumbi nyingi sasa zimefunikwa vitambaa darini. Kitambaa cha dhahabu kitakurudishia sura za homa ya manjano. Mpe msaidizi flashi yenye mwavuli mweupe asimame ubavuni mwa maharusi, hatua mbili tatu kutoka kwao. Nyuso zitakuwa na rangi yake, na zambarau itabaki nyuma kama pambo. Ukiona mistari ya giza inakata picha, ni taa zinawaka na kuzima kufuata umeme, na umeme wetu, Kenya na Tanzania, ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, iwe sekunde 1/50 au 1/100, mistari itaisha au kupungua sana.

Shikamoo Shangazi. Baba yangu ni fundi cherehani hapa Bagamoyo, amekaa baraza lile lile tangu sijazaliwa. Nataka picha yake moja kubwa ya kutundika sebuleni. Dada zangu wanasema apelekwe studio avae suti. Mimi nataka barazani na cherehani yake. Nani yuko sahihi? — Kitinda mimba

Marahaba, mwanangu. Baba mmemuuliza?

Kwa watu wa rika lake picha ilikuwa safari. Mtu alioga, alichana nywele, alivaa nguo ya Idi akaenda. Zanzibar, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa mwaka 1930, na vizazi vya Mji Mkongwe vimepita mle vikiwa vimenyooka. Kule Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, akawa anawapiga watu uani kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake. Aliweka suti, saa, redio, hata pikipiki ya skuta, mteja achague anataka aonekane nani. Miaka ya 1990 pale kivukoni Likoni, Mombasa, wapiga picha wa vibandani walikuwa na mapazia yaliyochorwa ndege na meli na majumba, na mtu aliyetoka bara kutafuta kazi alisimama mbele ya ndege akatuma picha nyumbani. Watu wa siku hizi huwacheka. Mimi siwacheki. Mandhari ile ilikuwa neno la mteja mwenyewe. Wewe unataka kumpiga baba kazini kwa sababu wewe unampenda kazini; yeye huenda anaona utamtundika sebuleni na vumbi la nyuzi kwenye shati mbele ya wakwe.

Kwa hiyo muulize, na kama atakubali barazani, avae suti hapo hapo. Fundi cherehani kwa hakika anayo moja aliyoishona mwenyewe. Hapo dada zako wamepata suti, nawe umepata cherehani.

Baraza ni mahali pazuri kuliko studio nyingi kwa sababu lina paa juu na barabara mbele: mwanga unaingia kwa ubavu tu. Chunguza linatazama wapi. Likitazama mashariki, asubuhi jua litaingia mpaka miguuni mwake, basi nenda alasiri. Likitazama magharibi, nenda asubuhi. Mkalishe kwenye kiti chake alichokizoea, cherehani mahali pake, wewe uje upande ambao mwanga unamgusa shavu moja zaidi ya jingine. Kaa kwenye kigoda. Ukimpiga ukiwa umesimama, unamtazama mzazi wako kwa juu, na picha itasema hivyo kila siku ukutani.

Nyuma yake usisafishe sana. Nguo za wateja zilizotundikwa, kalenda, picha ya zamani, vibaki. Ondoa kile kinachoita jicho tu: dumu la njano, ndala za plastiki, karatasi nyeupe inayowaka kwenye kona. Angalia nguzo isiote kichwani kwake na mstari wa dirisha usipite shingoni. Tundu la lenzi usilifungue mpaka mwisho. Najua mnapenda nyuma iwe ukungu mtupu, lakini ukungu mtupu unaweza kuwa popote, na baba yako hakuketi popote. Weka f/4 au f/5.6, nguo zionekane ni nguo.

Kisha umpe kazi ya kweli. Mwambie atunge uzi kwenye sindano. Hakuna mtu anayetunga uzi huku amekaza shingo: atainamisha kichwa, atauelekeza uso wenyewe kwenye mwanga, mikono itakaa anavyoijua. Piga hapo. Halafu mwite "baba," na atakapoinua macho piga tena kabla hajajiandaa. Usimwambie atabasamu. Mzee akitazama kamera kwa uso mkavu hajakasirika, amejiheshimu.

Bi, simu tu ndiyo ninayo. Nianzie wapi? — Mwanafunzi, Mwanza

Futa lenzi kwa kanga safi. Mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ule moshi kwenye picha. Zima flashi. Rudi nyuma mita mbili na utumie ukuzaji wa mara 2, maana ukimkaribia mtu kwa lenzi pana ya simu pua inakua. Gusa uso kwenye kioo, kialama cha jua kikitokea kishushe kidogo mpaka ngozi ipate rangi yake. Ile modi ya kuifanya nyuma iwe ukungu inakata nywele za afro na ukingo wa mtandio, itumie kwa uangalifu. Mengine yote niliyosema juu ya mlango, dirisha na ukingo wa kivuli, simu inayaweza. Na nyie wa Mwanza mna yale majabali: upande wake wenye kivuli, unaotazama ziwa, sijui mnangoja nini.

Shangazi, bibi harusi anataka picha Coco Beach jua likizama baharini nyuma yao. Nikiangalia ratiba, nitapata muda gani? — Masaki, Dar es Salaam

Hutapata hata dakika moja, mwanangu, kwa sababu pwani yetu ya bara inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama nyuma ya nyumba za watu. Anayetaka lizame baharini avuke Unguja, asimame Forodhani. Au waamke: saa kumi na mbili na nusu asubuhi Coco Beach ina mwanga mzuri na hakuna wauza mihogo wala muziki. Maharusi wangapi wako tayari kwa hilo, mimi sijawaona wengi.

Jioni hata hivyo mna kitu bora kuliko wanachokiomba. Kwetu jua linashuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu ni mfupi: linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo kutegemea mwezi, na kiza kinashika dakika 20 na kitu baadaye. Muwe mchangani mmeshavaa saa kumi na moja na robo. Bahari iwe mgongoni kwao, jua la magharibi litawaangukia usoni moja kwa moja, limelainika, na maji nyuma yatabaki buluu. Wakikunja macho, wafumbe, hesabu mpaka tatu, wafumbue, piga. Wewe simama ubavuni kidogo mwa mstari wa jua, maana saa hiyo kivuli chako ni kirefu na kitapanda kwenye gauni.